Vishale Vitatu Kwenye Kioo

Saa tatu asubuhi bosi wa ghala la vitu vya kuchezea alifungua mlango wa ukumbi wa majaribio akiwa na neno la utani mdomoni, akalimeza. Mpimaji wake alikuwa amelala kifudifudi juu ya mstari wa chaki, mkono wa kulia ungali umeshika bunduki nyekundu ya plastiki. Kikombe cha chai kilisimama juu ya stuli, kimenywewa nusu. Mbele kabisa, kwenye kioo kikubwa kilichochorwa duara ndani ya duara, vishale vitatu vya sponji vyenye vikofia vya mpira vilikuwa vimeganda katikati, vimebanana kama watoto wanaolala kitanda kimoja.

"Alikuwa na shabaha," bosi alimwambia Inspekta baada ya maiti kuondolewa.

Inspekta alikuwa mama wa makamo, mnene, magoti yakimsumbua, na alikuwa na tabia ya kuuliza maswali kwa mafumbo hata mbele ya wakubwa zake. Alijivuta hadi kwenye stuli, akaketi, akautazama ule ukumbi mrefu mwembamba wenye mistari ya chaki sakafuni.

"Nieleze kama unavyomweleza bibi yako," alisema. "Mtu mzima alikuwa anafanya nini hapa na bunduki ya mtoto?"

"Analinganisha, mama. Kabla ya kuagiza shehena lazima tujue ipi inafika mbali na ipi inapiga inapolengwa. Vishale ni vilevile, vya boksi moja. Kinachobadilika ni bunduki. Ukibadilisha vyote viwili, hutajua nani kafanya kazi."

"Na nani kafanya kazi?"

"Ya njano inafika mbali lakini inapotea njia kama mlevi. Ya kijani inapiga palepale, ila haivuki mstari wa nne. Nyekundu..." Bosi alitazama kioo. "Nyekundu inafika na inapiga. Mwaka jana ilishinda. Mwaka huu wameiongezea nguvu ya springi."

"Asubuhi hii nani aliingia humu?"

Bosi alisita. "Mke wake. Huleta chai kila siku ya majaribio, na mtoto mgongoni. Na leo walikuwa wanagombana. Nilimsikia mwanamke akipiga kelele, 'Utatuua sisi!' Kisha akatoka analia. Baada ya hapo sikumwona mwingine."

Sajini, kijana mwenye haraka ya kumaliza kila jambo, alimwinamia Inspekta sikioni. "Mama, hii imejimaliza yenyewe."

Daktari alisema ni sumu kali, ya aina inayouzwa kwa ajili ya panya, tena marehemu alikuwa na mafua mabaya na pua zake zisingemwonya kitu. Kabla ya jua kuzama mjane alikuwa kituoni, amekaa kwenye benchi, ananyonyesha. Mkuu wa kituo alisema kesho alasiri anapelekwa mahabusu, na mtoto atachukuliwa na upande wa baba.

"Upande wa baba wenyewe ndio wale wanaonitukana pale nje," mjane alisema. Macho yake yalikuwa yamekauka. "Watamlea kwa kumwambia mama yako alimuua baba yako."

Inspekta aliitazama ile shingo ndogo ya mtoto ikimeza, akatoka nje kwa mwendo wake wa kuchechemea, ameudhika na dunia nzima.

Asubuhi iliyofuata maabara walipiga simu. Inspekta alisikiliza, akauliza jambo moja mara mbili, akakata. Kisha akamgeukia Sajini.

"Kitendawili."

"Mama, tafadhali, hatuna muda."

"Itikia kwanza."

Sajini alishusha pumzi. "Tega, basi."

"Haya. Mgeni kapita mlango wa mbele, nyayo zake ziko kizingitini tu. Sebuleni hakuna, jikoni hakuna. Mgeni huyo alikuwa anaingia au anatoka?"

Sajini alikuna kichwa. "Anatoka. Angekuwa anaingia, nyayo zingefika sebuleni."

"Chai iliyobaki kikombeni ni safi. Chai ya kwenye chupa ni safi. Sumu imekutwa ukingoni mwa kikombe tu, pale mdomo wake ulipogusa. Kikombe hakikumpa sumu, mwanangu. Yeye ndiye aliyekipa kikombe."

"Basi aliinywa wapi?"

"Hapo ndipo nilipokwama."

Aliteremka kwa mjane. Alikuta mtoto amelala, akakaa kwenye benchi polepole.

"Mwanangu, jana mligombania nini? Safari hii usinifiche."

Mjane alivuta kanga hadi kidevuni. "Alitaka kuacha kazi. Nikamwambia utatuua sisi, tutakula nini? Ndiyo hayo bosi aliyoyasikia." "Hakuwa na raha, mama. Mwaka jana aliipitisha ile nyekundu, na kuna mtoto wa watu ilimtoboa jicho. Hatukujua ni wa nani. Kazini wanamwita Jicho Moja, kwa sababu hufumba jicho akilenga. Alikuwa akisema, kila nikifumba namwona yule mtoto. Jana alikwenda pale kuikataa. Alishamwambia hata wakala anayeiuza kwamba haitapita hata ikipiga nzi akiruka."

"Wakala alisema nini?"

"Alimwambia atajuta."

Inspekta alitikisa kichwa taratibu. "Na chai? Kwa nini siku za majaribio tu?"

"Asukutulie mdomo." Kwa mara ya kwanza mjane alitabasamu, tabasamu lenye maumivu. "Alikuwa akilalamika mpira unamkausha ulimi. Mwanawe mkubwa alikuwa akimcheka, baba amerudi, leo amekula vishale vingapi?"

Inspekta alibaki amemtazama muda mrefu, mpaka mjane akadhani amemkosea.

"Nimesema vibaya, mama?"

"Hapana, mwanangu. Umesema mpaka mwisho. Mlishe mtoto vizuri."

Wakala wa bunduki nyekundu alikuwa mtu wa viatu vya kung'aa na maneno mengi. Walimkuta kwenye ofisi ya ghala akimbembeleza bosi.

"Ndiyo, nilimwambia atajuta!" alisema. "Nilimaanisha atajuta kibiashara. Inspekta, ningeua kila mpimaji anayenikatalia, nchi nzima ingebaki na wapimaji wangapi?"

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa mlangoni, namsubiri. Mlinzi hakuniruhusu kuingia. Muulize."

Mlinzi alikubali, kwa uchungu, kwamba bwana yule alimpigia kelele hadi maiti ilipopatikana, na kwamba wiki hiyo nzima hakuwahi kuvuka mlango ule. Sajini alikunja uso. Mtuhumiwa mzuri namna ile alikuwa ameyeyuka.

Kutoka pale Inspekta alipita karakana ya fundi, chumba kidogo kilichopakana na ukumbi. Fundi alikuwa mzee mkimya mwenye mvi, ndiye anayefungua bunduki zilizokwama na kubadilisha springi. Alisimama kumpa kiti, akakifuta vumbi kwanza kwa kitambaa.

"Karibu, dada. Magoti hayo yanataka kupumzishwa."

"Ahsante, kaka. Umeona eh? Yamekuwa na kelele kuliko mimi." Aliangaza mezani. Kati ya bisibisi na vipande vya plastiki palikuwa na miwani midogo sana, kioo kimoja cheupe, kingine cheusi tii, mkono wake mmoja umelegea. "Na mwanasesere naye haoni siku hizi?"

"Vitu vya watoto vinavunjika, dada," fundi alisema, akaifunika kwa kitambaa.

"Marehemu mlikuwa mnaelewana?"

"Miaka mingi. Mkewe akija na chai, na mimi napata kikombe." Alikiweka kitambaa vizuri juu ya miwani. "Mnampeleka mahabusu lini?"

"Leo alasiri."

Mkono wa fundi ulitafuta bisibisi mezani, ukaipata, ukaiacha.

Mchana Inspekta aliwaita wote watatu ukumbini: bosi, wakala na fundi. Kioo kilikuwa kimefutwa. Juu ya meza palikuwa na bunduki nyekundu na boksi la vishale. Sajini alisimama mlangoni.

"Mjane anasema mumewe hakuwa hata na shabaha, hivyo vishale vitatu labda vilibandikwa kwa mkono," Inspekta alidanganya bila kupepesa. "Mimi si mtu wa bunduki. Nataka kuona kama kweli inawezekana kupiga katikati kutoka pale alipoangukia. Kila mmoja apige kishale kimoja, kama mnavyofanya siku zote. Vishale ni vya boksi lilelile la jana."

"Kwani tuko shuleni?" wakala alinung'unika, lakini sifa zilimshinda. Alichukua kishale, akakilamba kikofia chake cha mpira kwa ncha ya ulimi, akakisukuma ndani, akavuta springi, akapiga. Tap! Kikaganda duara la pili. "Mmeiona? Hiyo ndiyo mashine!"

Bosi alifuata. Mawazo yake yalikuwa mbali. Alikilamba kishale kama mtu anayebandika stempu, akapiga. Kikaganda juu kidogo.

"Fundi, karibu," Inspekta alisema.

Fundi alichukua kishale. Alikigeuza vidoleni. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso ingawa ukumbi ule ulikuwa na baridi. Akakiinua karibu na midomo, akasimama hapo. Kisha akakipulizia pumzi, haaa, kama mtu anayefuta kioo cha saa, akakitia kwenye bunduki, akapiga. Kishale kilikwenda moja kwa moja hadi katikati kabisa ya duara dogo. Kikagusa. Kikaanguka sakafuni bila sauti.

"Bila mate hakishiki," Inspekta alisema. "Nimejaribu mwenyewe asubuhi, na kishale kipya, nikapata aibu. Watu wa ghala hili wote mnalamba. Mmelamba miaka na miaka, hamjui hata kama mnalamba. Bwana huyu kalamba. Bosi kalamba. Wewe hukulamba, kaka. Kwa nini?"

Wakala alikuwa ameanza kujifuta ulimi kwa leso. "Mungu wangu! Umetupa vyenye sumu?"

"Tulia, baba. Hivyo nimevinunua leo. Vya jana viko maabara. Kila mtu mjini anajua sumu ilikuwa kwenye chai, maana ndivyo tulivyoacha ijulikane. Mtu mmoja tu ndiye angeogopa kishale."

Fundi aliiweka bunduki mezani kwa uangalifu, mtutu wake ukielekea ukutani, kama alivyozoea kuwafundisha wengine.

"Ile miwani si ya mwanasesere," Inspekta alisema kwa sauti ya chini.

"Ya mjukuu wangu." Fundi alikaa chini, palepale sakafuni. "Mwaka jana nilimwambia Jicho Moja, springi hii ni kali mno, inatoboa hata karatasi ngumu. Akasema watoto wanapenda ya mbali. Akaipitisha. Nami, mpumbavu, nikampelekea mjukuu wangu moja. Zawadi. Mwenzake akampiga wakicheza."

"Hukutuambia," bosi alisema. "Fundi, hukusema ni wako!"

"Nilikuja kuwaambia! Nikakuta habari imeshafika, mmekaa hapa mnakunywa chai. Jicho Moja akasema, huyo mtoto hakufundishwa kuinama. Mkacheka. Wewe bosi ulicheka mpaka ukajimwagia." Alifunika uso. "Tulikuwa tunamwita Jicho Moja kwa utani. Sasa wanamwita mjukuu wangu jina hilohilo shuleni, na si utani. Nikasikia kwamba anaipima nyekundu tena, imeongezwa nguvu. Nikasema, huyu atapofua watoto wa watu mpaka lini? Nikavipaka vishale vya juu."

Inspekta alijivuta akasimama mbele yake. Alitamani kutolisema lile neno, lakini lilikuwa la mjane, si lake kulificha.

"Alikuja kuikataa, kaka. Alishamwambia wakala tangu juzi. Alikuwa hapati usingizi kwa sababu ya mtoto yule asiyemjua ni wa nani. Alikuwa anataka kuacha hata kazi."

Fundi alimtazama wakala. Wakala akaitikia kwa kichwa.

Sauti iliyomtoka fundi haikuwa kilio. Ilikuwa kama kitu kizito kinachoburutwa.

"Na mama wa mtoto mchanga?" Inspekta aliuliza. "Ungemwacha aende?"

"Jana nilisema nitasema asubuhi. Asubuhi nikasema mchana." Alinyoosha mikono yake kwa Sajini. Kisha akairudisha. "Miwani. Imebaki skurubu moja."

Sajini alifungua mdomo kukataa. Inspekta alimzuia kwa jicho. Wakaenda karakana, wakasimama wakimtazama mzee akikaza skurubu ndogo kuliko punje ya mtama. Mikono ambayo jana ilipaka sumu haikutetemeka hata kidogo.

Kituoni walipishana na mjane mlangoni, anatoka, mtoto mgongoni. Aliona pingu. Alizitazama, akamtazama aliyezivaa, akaelewa.

"Fundi," alisema. "Nikija na chai, wewe ndiye niliyekuwa nakumiminia kwanza. Kwa sababu ya mvi zako."

Fundi aliinamisha kichwa, wakampitisha ndani.

Inspekta hakuingia naye. Miwani ilikuwa mfukoni mwake, imefungwa kwenye kitambaa cha fundi, na nyumba aliyoelekezwa haikuwa mbali. Mlango ulifunguliwa na msichana mdogo aliyegeuza kichwa kizima ili amwone vizuri. Alipokea miwani, akaivaa, akaujaribu ule mkono uliokuwa umelegea.

"Imekaza," alisema kwa furaha. Kisha akachungulia nyuma ya Inspekta, upande mmoja, halafu akazunguka kuchungulia upande wa pili. "Babu mwenyewe yuko wapi?"

Inspekta, aliyekuwa na fumbo kwa kila mtu, alitafuta moja la kumpa mtoto yule, akakosa.