Impamba ya Thobias

Mama alinituma chumvi.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima vya Burundi, nami ndiyo kwanza nimemaliza kuosha vyombo. Akanipa hela, kisha akanishika mkono.

"Domisiana, ukitoka dukani upitie kwa Alfonce."

Nilimkazia macho. Jina hilo halikuwa limetajwa nyumbani kwetu tangu masika.

"Kwa Alfonce kufanya nini, mama?"

"Kutazama. Wanasema leo anacheza ile safari ya mwisho ya Thobias. Kaa utazame na wenzako." Akashusha sauti, ingawa tulikuwa wawili tu. "Mimi nataka kujua jambo moja. Kama atakula."

Niseme mapema nisije nikaonekana mnafiki: Alfonce nilimchukia. Nilimchukia nikiamka, nikamchukia nikienda kulala, na Jumapili nikitoka kupokea komunyo nilimchukia vilevile.

Thobias alikuwa kaka yangu, fundi simu hapa Bukiriro. Yeye na Alfonce walikuwa marafiki tangu shule ya msingi, wakafungua banda pamoja pale senta. Upande mmoja wanachaji simu za watu kwa sola, upande wa pili vijana wanakaa kwenye mabenchi kutazama gemu kwenye skrini kubwa. Lililopendwa kuliko yote lilikuwa gemu la bahari. Mtu ameanguka na chombo chake kwenye dunia ngeni, dunia nzima ni maji, nchi kavu hakuna. Anaishi humo humo chini. Anavua, anachuja maji ya kunywa, anajijengea nyumba ya chuma na vioo. Akitaka kurudi kwao, sharti ashuke mpaka kilindini kabisa, mahali ambapo mwanga haujawahi kufika. Safari hiyo ni ndefu, na asiyejiandaa hafiki.

Thobias alijiandaa kwa miezi. Sisi ni watu wa milima, bahari tunaiona kwenye kalenda, lakini yeye alizungumza habari za kilindini utadhani kazaliwa huko. Aliunda nyambizi. Akaweka betri za akiba, dawa, chupa za maji, akapanda matunda humo humo ndani. Sanduku la chakula akaliandika kwa lugha ya nyumbani: IMPAMBA. Kwetu Wahangaza, hicho ni chakula unachofungiwa ukienda mbali.

Siku moja mama alimkuta amekodolea kompyuta macho, akamuuliza, "Unafanya nini, mwanangu?"

"Nafunga impamba, mama. Nakwenda mbali."

Mama hakucheka.

Safari yenyewe hakuifanya. Wakati wa masika, yeye na Alfonce walivuka mto Ruvubu kwa mtumbwi kwenda kununua vifaa ng'ambo. Alirudi Alfonce peke yake. Alisema mtumbwi ulipinduka, wote wawili wakachukuliwa na maji, yeye Mungu akamnusuru. Mgongoni alikuwa na begi la Thobias, na ndani ya begi kulikuwa na kompyuta.

Begi lilikuwa kavu.

Nililishika mimi mwenyewe kwa mikono hii. Nikamwambia mwenyekiti wa kijiji, nikawaambia wajomba, nikasema mpaka sauti ikakauka. Wakanijibu kwamba nina majonzi. Mwili haukuonekana. Bila mwili hakuna kaburi, na mama akakataa matanga yaanuliwe. "Sijamzika mwanangu," alisema. "Mnaanua nini?"

Basi asubuhi moja alipika viazi vitamu na maharage, akatukataza kuonja, akafunga kifurushi kwa jani la mgomba na kuteremka mtoni peke yake. Alirudi mikono mitupu, matope mpaka magotini. Mama yangu huyo ni wa WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, sare yake anaipiga pasi tangu Ijumaa. Nilipomuuliza alikuwa wapi, alijibu tu, "Nimeongea na mto." Tangu siku hiyo hakulia tena, na kutolia kwake kulinitia hofu kuliko vilio vyote.

Sasa jambo hili kila mtoto wa kwetu analijua. Impamba ya mtu aliyefia njiani hailiwi. Inafukiwa au inatupwa majini. Anayeila amekubali kuimaliza safari ya marehemu. Alfonce naye alilijua, kalelewa mlima huu huu. Lakini nani angewaza kwamba mwiko huo unahusu chakula cha kwenye kompyuta?

Nilinunua chumvi, nikaingia bandani.

Palikuwa pamejaa. Waendesha bodaboda, vijana, wazee wachache, wasichana wawili watatu. Nafasi iliyobaki ilikuwa mbele kabisa, juu ya kreti, kando ya betri la sola. Waya mnene uliotoka kwenye betri ulipita karibu na goti langu kwenda kwenye kompyuta.

"Karibu, dada Domi," Alfonce alisema bila kunitazama. Alikuwa amevaa hedifoni za Thobias. Akawageukia watu. "Leo tunakwenda mpaka chini! Marehemu aliacha kila kitu tayari. Mpishi kapika, sisi tunapakua."

Watu wakacheka. Mimi nikauma mdomo. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, nilisema moyoni, na niliisema kwa nguvu zote nilizokuwa nazo.

Nyambizi ikaanza kushuka.

Maji yalikuwa ya buluu, yakawa ya kijani, yakawa meusi. Samaki wakapungua. Taa za nyambizi zikabaki zikimulika vumbi tupu. Bandani watu walisogea mbele kwenye mabenchi. Palisikika feni ya kompyuta na mvumo wa injini kwenye spika...

Ngo.

Kama mtu anayegonga bati kwa ngumi.

Ngo... ngo...

"Hiyo ipo kwenye gemu?" aliuliza Idefonsi, kijana wa bodaboda aliyekaa nyuma yangu.

"Ipo," alisema Alfonce. Lakini jasho lilikuwa linamtiririka shingoni, na jioni ile ilikuwa ya baridi.

Ndipo nilipoisikia harufu. Tope la mtoni. Mafunjo yaliyooza. Ilikuwa kiangazi, mvua tulishaisahau, vumbi la senta lilikuwa linaingia mpaka kwenye mboga. Harufu hiyo ilitoka wapi?

Kwenye gemu kengele ya njaa ikalia. Alfonce akafungua sanduku. Lile neno likatokea katikati ya skrini, kubwa, jeupe, kwa maandishi aliyoyapanga kaka yangu. Ningeweza kusema, "Alfonce, acha." Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa bega.

Sikusema.

Akabonyeza.

Akaanza kutafuna.

Mwanzoni nilidhani ana karanga mdomoni. Nikachungulia. Mdomo ulikuwa mtupu. Taya zinapanda, zinashuka, ulimi unageuza kitu ambacho hakipo. Akameza, nikaliona koo likipanda. Akatafuna tena. Kisha akakunja uso.

"Mbona haina chumvi?" alisema.

Hakuna aliyecheka. Wakubwa waliokuwemo walielewa kabla yangu, maana chakula kinachopelekwa kwa wafu hakitiwi chumvi. Mzee mmoja akafanya ishara ya msalaba na kutoka. Halafu miguu yangu ikahisi ubaridi, nikatazama chini. Sakafu ya udongo ilikuwa imelowa. Maji yalikuwa yanatokea chini ya kiti cha Alfonce, polepole, meusi, yakitandaa kuelekea kwenye mabenchi.

Taa ya juu ikazimika.

Wakakimbia. Wanaume wazima wakakanyagana mlangoni, Idefonsi wa kwanza. Mimi sikukimbia. Nilibaki juu ya kreti langu, mwanga wa skrini usoni. Niliogopa, siongopi. Lakini hasira yangu ilikuwa na umri mkubwa kuliko woga ule.

Alfonce alikuwa anaongea. Si na mimi.

"Thobi... niache, Thobi." Akasikiliza kwenye hedifoni. "Niliogopa. Mtumbwi ungetuzamisha wote." Akasikiliza tena, muda mrefu. Machozi yakaanza kumtoka. "Hapana... sikuogopa. Ulikuwa umeshika ubavuni. Nikakupiga vidole kwa kasia. Nikapiga mpaka ukaachia."

Nilijua. Tangu siku ya begi nilijua. Lakini kujua na kusikia ni vitu viwili. Nilihisi kama kasia lile limetua kwenye vidole vyangu mimi.

"Kila mtu alisema banda la Thobias," Alfonce akanong'ona. "Na mimi nilijenga. Nilibeba matofali kwa kichwa. Lakini kila mtu, banda la Thobias..."

Kwenye skrini, nje ya kioo cha nyambizi, kiganja kikatua.

Kilikuwa cheupe. Vidole vilikuwa vimepinda upande usiopaswa.

Kikatua cha pili.

"Dada Domi." Sasa alikuwa anasema na mimi. Mikono yake ilikuwa imeganda juu ya kompyuta, anaivuta, haitoki. "Dada... chomoa waya."

Waya ulikuwa pale pale, kando ya goti langu. Kidole kimoja kingetosha.

"Anasema nini?" nilimuuliza.

"Chomoa kwanza..."

"Kaka yangu anasema nini, Alfonce?"

"Anasema chombo kina nafasi ya mmoja. Mmoja akishuka... mmoja anapanda."

Basi nikaelewa nilichoshika. Nikichomoa, Alfonce ataamka kesho afungue banda lake, na Thobias atabaki kwenye maji yale baridi, bila kaburi, bila msalaba, na mama ataendelea kukaa na matanga yasiyoanuliwa mpaka afe. Nisipochomoa... Alfonce alinitazama. Alikuwa na macho ya mtoto aliyekosa, na nilimfahamu tangu tukichunga mbuzi pamoja. Niliitafuta huruma moyoni mwangu, kweli niliitafuta. Nikakuta begi kavu.

Nikaweka mikono yangu mapajani.

"Safari njema," nikamwambia.

Hakupiga kelele. Alisimama wima, macho wazi, hedifoni masikioni, waya wake umechomoka na unaburuzika nyuma yake kwenye maji. Akanipita. Harufu ya tope ikanipita. Skrini ikawa nyeusi, na nilipotoka nje niliona nyayo zilizolowa zikishika njia ya kuteremka, ile inayokwenda mtoni.

Mama alikuwa ameketi uani gizani.

"Amekula?"

"Amekula, mama."

Akashusha pumzi. "Bandika maji jikoni. Sufuria kubwa. Anayekuja atakuwa na baridi."

Kulipokucha walikuja wavuvi kutuita. Thobias alikuwa amelala ukingoni, pale kina mama wanapochota maji, kifudifudi, mikono mbele kama mtu aliyejivuta mwenyewe kutoka mtoni. Miezi ile yote ilikuwa haijamgusa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelala jana. Vidole tu ndivyo vilivyovunjika, vya mikono yote miwili. Tulimwosha kwa maji yale ya sufuria kubwa, padri akamwombea, tukamzika kwenye migomba ya baba. Mama akalia siku nzima. Nilifurahi kumsikia akilia.

Alfonce hakuonekana. Zilipatikana hedifoni, zimening'inia kwenye mafunjo. Wapo wanaosema alitorokea Burundi kwa aibu ya maneno yaliyomtoka. Idefonsi anaapa kwamba maji ya bandani yalikuwa ya betri lililopasuka, ingawa betri lile ni zima na linafanya kazi mpaka leo. Mimi sibishani na mtu. Ninakwenda kaburini kwa kaka yangu, ninapalilia, ninakaa. Sijutii, na anayetaka nijute ajaribu kwanza kukosa wa kumzika.

Wiki mbili baada ya maziko, mchana, alikuja Scholastika, mama mzazi wa Alfonce. Nilikuwa naanika maharage. Alikuwa amekonda, lakini kanga zake zilikuwa safi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nilimpa kigoda, akakataa kukaa.

"Wanasema ulibaki naye peke yako," alisema kwa upole. "Wenzako wote walikimbia."

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu alikuomba nini?"

Ningeweza kudanganya. Uongo ulikuwepo mdomoni, tena mwepesi. Lakini ile hasira, ambayo nilidhani nimeizika pamoja na Thobias, iliinua kichwa.

"Aliniomba nichomoe waya."

"Waya ulikuwa mbali?"

"Ulikuwa hapa," nikasema, nikagusa goti langu.

Akaitikia kwa kichwa. Mara moja, mara mbili, taratibu. "Asante kwa kuniambia ukweli, Domisiana," alisema. Akalitamka jina langu lote, kama anayejifunza kulitaja. Kisha akajifunga kanga vizuri, na hapo nikaona kwamba chini yake, ubavuni, amebeba kitu cha mviringo kilichofungwa kwa jani la mgomba.

Hakurudi kwake. Alishika njia ya mtoni.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama mpaka alipopotelea kwenye mteremko.

"Umemwambia ukweli?"

"Nimemwambia."

Mama aliutazama tena mteremko. Akanishika mkono, akaniingiza ndani, akafunga mlango kwa komeo. Na jua lilikuwa bado utosini.