Mwandani wa Mwalimu

Foleni ya duka la kutoa kopi ilifika mlangoni, na feni ilikuwa ikipeperusha karatasi za kila mtu. Fundi cherehani, futi shingoni, gauni la zambarau alilojishonea likimkaa barabara, aliinama kuokota picha za mitindo yake, akainuka na karatasi za mwanamume aliyekuwa mbele yake.

"Ukwapi, utao," alisoma. "Kaka, na wewe unapima watu kwapa?"

Yule kaka, mwalimu wa ushairi, alicheka hadi miwani ikamshuka. "Ni vipande vya mshororo, dada. Cha kwanza ukwapi, cha pili utao. Silabi zake ndizo mizani. Zikipungua, shairi linachechemea."

"Kama suruali yenye mguu mmoja mfupi."

"Hapo umenimaliza!"

Basi wakazoeana. Kila jioni simu, kila simu masihara, Fundi akisema "umekula, mpenzi?" Mwalimu anahesabu mizani kwa vidole. Moyo wa dada wa watu ukazama mzima, hata mama yake akaambiwa.

Siku moja akampitia shuleni, akamsikia dirishani akiongea na simu: "Mwandani ananikosesha usingizi, ndugu yangu. Nikimpata huyo, mambo yangu yote yamekaa sawa."

Mwandani! Mpenzi wa ndani kabisa! Fundi aligeuza njia huku machozi yakimlenga, akazima simu. Wiki ile alishona mikono ya mashati ya watu nyuma mbele.

Mwalimu akamfuata kibandani kwake, shati limepigwa pasi upande mmoja tu. "Laazizi, nimekukosea nini?"

"Nenda kwa mwandani wako!"

Mwalimu alitoa macho, kisha akajishika kichwa. "Jamani! Mwandani ni kipande cha tatu! Kuna mashairi ya ukwapi, utao na mwandani. Nilikuwa nakutungia la kukuposa, kipande hicho kikanishinda." Akafunua karatasi. Kweli, safu ya tatu ilikuwa tupu juu hadi chini.

Fundi aliona aibu, lakini furaha ilikuwa kubwa kuliko aibu. "Sasa utafanyaje?"

"Nimekuja kukuomba wewe unijazie. Tuoane, mpenzi. Nijibu kwa mizani sita."

"Nimekubali."

Mwalimu akahesabu kwa vidole. "Tano. Imepungua moja."

Fundi akamtupia futi shingoni, akamvuta karibu.

"Nimekubali, we!"