Vizito vya Gari Namba 27

"Mama, wali umeiva. Pakua."

Sauti ilitoka kwenye redio ya Motorola iliyofichwa ndani ya koti la waamuzi wa mashindano. Alikuwa Chacha, mkuu wake katika upelelezi, Mtanzania asiyependa maneno mengi. Maana yake ilikuwa moja.

Kamata leo.

Huguette Nsimire alikuwa amechoka hata kubonyeza kitufe.

Miezi minane. Raundi saba za ubingwa wa taifa wa sedani za mbio, Cape Town, Johannesburg, na sasa Durban, katika barabara za Greyville zilizozungushiwa uzio. Raundi zote hizo alisimama kwenye mizani akipima magari, magoti yakimuuma, akitafuta njia inayopitisha vifaa vya kuongozea droni hadi mashariki ya Congo. Huko kwao.

Njia alishaijua. Gari linaloshinda huongezewa vizito vya madini ya risasi raundi inayofuata, ili wengine walifikie. Gari namba 27, BMW nyeupe ya tajiri aitwaye Peguy, lilikuwa limeshinda mara nne. Masanduku yake ya vizito yalikuwa na risasi kwa nje tu. Ndani mlikuwa na mzigo. Na ni polisi gani atakayefungua gari la bingwa?

Kilichobaki ni kumpata Peguy mwenyewe akiupokea.

Asubuhi hiyo Huguette alibandika tangazo kwamba baada ya mbio masanduku yote ya vizito yatafunguliwa. Mwenye mzigo angelazimika kuutoa kabla.

Halafu akasubiri.

Mzunguko wa tano, manyunyu yakaanza. Namba 27 likaingia karakana, dereva akashuka akilalamikia injini. Macho ya watu wote yalikuwa barabarani. Dakika mbili baadaye gari likatokea geti la nyuma.

Kwenye usukani alikuwa Zénon.

Huguette alifumba macho kidogo. Zénon, fundi Mrundi aliyemletea chai kila raundi bila kuombwa, akimuuliza hali ya magoti. Alitamani sana awe mtu mwingine.

Akapanda pikapu yake ya Hilux.

"Namba 27 liko nje. Linapanda barabara ya M13, linaelekea Westville."

"Piga tairi," Chacha akasema.

"Hapana."

Hakukuwa na haja. BMW lilikuwa bado na matairi kipara ya mashindano. Kwenye lami kavu hushika kama gundi. Kwenye lami iliyolowa ni sabuni. Huguette aliwasha taa zote, akalaza mkono kwenye honi ili magari mengine yakae pembeni, na kumfuata bila kumbana.

Zénon alichepuka kuingia Westville. Robot, kama wanavyoziita huko taa za barabarani, ilikuwa nyekundu. Taxi, daladala la huko, ilikuwa inakatiza ikiwa imejaa abiria.

Alikanyaga breki.

Gari halikusimama. Zénon akakata usukani kushoto, mbali na taxi, BMW likazunguka mara mbili na kujibamiza kwenye ukuta wa zege.

Huguette alishuka, bastola ya Glock mkononi, mtutu ukitazama chini. Zénon alikuwa mzima. Alimwona, akaiona bastola, na uso wake ukalegea kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

"Hata wewe, dada?"

"Hata mimi. Unajua umebeba nini?"

Alisema aliambiwa ni vipuri vya simu. Huguette akamweleza juu ya soko moja huko Kivu lililolipuliwa na droni saa nne asubuhi, na kaka yake mwenyewe aliyekuwa amekwenda kununua chumvi. Alieleza polepole, bila kupandisha sauti. Zénon akainamisha kichwa juu ya usukani.

"Peguy aliniahidia makaratasi ya ukaazi," akasema. "Miaka tisa niko hapa. Kila miezi sita napanga mustari ile ile, wananiongezea miezi sita. Nilichoka, dada."

Huguette aliijua mistari hiyo. Alirudisha bastola kiunoni, akamnyooshea simu.

"Yuko wapi?"

Zénon aliitazama simu kwa muda. Kisha akaichukua, akapiga, na sauti yake haikutetemeka. Alimwambia Peguy kwamba foleni imemchelewesha, amngojee palepale, nyuma ya bohari ya Chatsworth, asizime lori. Huguette akampa Chacha mahali hapo redioni.

Dakika kumi na tisa baadaye redio ilikoroma.

"Tumempata. Yeye, wanunuzi wawili wa kigeni, na mzigo wa raundi zote zilizopita. Hakuna kilichovuka mpaka msimu huu," Chacha akasema. "Huyo fundi nimwandikeje? Mwenzao?"

Polisi walikuwa wameshamtia Zénon pingu. Alikaa kando ya barabara, mvua ikimnyeshea, bila kumtazama mtu.

"Andika aliyekata usukani kushoto asiigonge taxi," Huguette akasema. "Andika alipiga simu mwenyewe."

"Hiyo haitamtoa."

"Najua. Iandike."

Alizima redio na kuichomoa kwenye koti. Akampa askari funguo za Hilux, akavua koti la waamuzi na kumfunika Zénon mabegani. Kisha akageuka, akateremka kilima kwa miguu akichechemea, na ilipopita taxi ya kwenda mjini akaisimamisha kwa kidole kimoja juu, ishara ya waendao mjini.