Tangazo la Buluu la Bi. Glenda

Kila siku kengele ya mwisho ikilia, Nell Ashworth alivuta kofia ya koti lake mpaka kwenye nyusi na kushuka mlima wa shule peke yake. Wenzake walishuka makundi makundi, wakisukumana na kutaniana. Yeye alipita upande wa pili wa barabara akijifanya ana haraka. Mji wa Thornbeck ni wa mvua, na mtu mwenye haraka kwenye mvua hamshangazi yeyote.

Alikokwenda ni mkahawani kwa Bi. Glenda Ormerod. Mama yake Nell alikuwa mhudumu wa wazee. Alizunguka nyumba hadi nyumba akiwaogesha, akiwapa dawa na kuwapashia chakula cha jioni, wala hakumaliza kazi kabla ya saa moja usiku. Walikuwa wamehamia mji huo kiangazi kilichopita, baada ya baba kwenda zake, na hawakuwa na ndugu pale. Basi Nell alikaa kwenye meza ya pembeni, karibu na joto la mashine ya kahawa, akala mkate wa zabibu uliochomwa na kupakwa siagi, kisha akafanya hesabu zake mpaka mama amfuate.

"Habari za shule, kipenzi?" Bi. Glenda alimuuliza kila siku.

"Silalamiki."

Ndivyo wanavyojibu watu wa Thornbeck. Mtu kavunjika mguu, na upepo umemng'olea paa, lakini ukimjulia hali atakwambia halalamiki. Nell alilijua jibu hilo kabla hajajua majina ya mitaa. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa mpweke, mpweke kabisa. Darasani hakuna aliyemchukia. Walikuwa hawamwoni tu. Siku nyingine tangu mwalimu alipoita majina asubuhi, hakufungua kinywa tena mpaka alipomjibu Bi. Glenda.

Siku moja ya Oktoba alikuta tangazo la karatasi ya buluu limebandikwa kwenye dirisha la mkahawa. Kwa sheria ya huko, anayetaka kuuza pombe hubandika tangazo la namna hiyo karibu mwezi mzima, ili kila apitaye asome, na mwenye neno aliandikie baraza la mji. Bi. Glenda alikuwa anaomba kibali cha kuuza mvinyo na bia nyakati za jioni.

Nell alikuwa bado anasoma, mara Connor Birtwistle wa darasani kwake akapita na wenzake.

"We, mkahawa wako unageuka baa!" Connor alisema. "Utakaa wapi sasa, chini ya daraja?"

"Baa watoto marufuku," mwingine akadakia. "Baba yangu kasema."

Wakacheka, wakaenda zao, na kabla ya kufika kona walikwisha sahau. Nell hakusahau. Angeweza kumuuliza Bi. Glenda, na Bi. Glenda angemjibu. Lakini kuuliza aliona ni kulalamika. Siku ya pili yake, Bi. Glenda alipoingia jikoni kutoa keki, Nell alilibandua tangazo taratibu, akalikunja na kulitia ndani ya begi la shule. Aliwaza kuwa pasipo tangazo hapatakuwa na kibali, na pasipo kibali meza yake itabaki.

Dirisha lile lilikuwa limejaa sahani za keki na mvuke kwenye kioo, hivyo Bi. Glenda hakugundua. Aliyegundua ni Bwana Arnold Sugden, dereva mstaafu wa basi, mtu asiyepitwa na tangazo lolote mjini, hata la paka aliyepotea. Wiki haijaisha, akaingia na mbwa wake.

"Glenda, lile tangazo lako limekwenda wapi?"

"Lipo dirishani, Arnold. Vaa miwani."

"Nimevaa. Naona keki tu."

Bi. Glenda alitoka nje, akatazama, akarudi uso umembadilika. "Lilikuwepo. Nimelibandika kwa mkono wangu."

"Na mkono huohuo umelibandua, au sio? Watu wasisome, wasipinge. Ujanja wa kitoto huo, Glenda."

"Miaka yote nakupikia chai, leo nimekuwa mjanja?"

"Mimi nasema tangazo halipo. Baraza nitaliarifu. Usije ukasema sikukwambia."

Alipotoka, Bi. Glenda aliketi mbele ya Nell. Hakuwa na kawaida ya kuketi saa za kazi.

"Unajua, Nell, kahawa ya mchana hailipi hata umeme. Na jioni watu wa mji huu hawanywi kahawa. Nisipopata kibali hiki, Krismasi ikipita nafunga duka."

Nell aliurudisha mkate sahanini. Kumbe alichokiiba ili kuilinda meza yake ndicho kilichokuwa kinaiondoa.

"Mbona umebadilika hivyo, kipenzi? Uko sawa?"

"Silalamiki," Nell alisema.

Tangu siku hiyo hakwenda tena mkahawani. Hakuweza kukaa mbele ya mwanamke yule na tangazo lake limo begini. Badala yake alijikunyata kwenye kibanda cha kituo cha basi. Dereva akisimama na kufungua mlango, "Unapanda, binti?" yeye hutikisa kichwa, na mlango hufungwa. Mama alipomuuliza kwa simu yuko wapi, alijibu yuko kwa Bi. Glenda, na saa moja ikikaribia alikwenda kumngoja nje ya mkahawa, kama aliyetoka ndani sasa hivi. Zamani alikuwa na mtu mmoja wa kuongea naye, sasa hana hata huyo, na kosa ni lake mwenyewe. Alilia kimya kimya kibandani, akajifuta kwa mkono wa koti.

Huko mjini maneno yalikwisha kuenea kwamba Glenda Ormerod si mwaminifu. Wengine waliacha hata kuingia kwake, wakapita na kutazama pembeni.

Siku ya baraza kusikiliza ombi ilipofika, Nell aliingia ukumbini akiwa amelowa chapachapa, akaketi nyuma. Mbele walikaa madiwani, na mwenyekiti wao alikuwa Bi. Hargreaves, mama mrefu mwenye sauti ya upole. Bwana Sugden alieleza aliyoyaona.

"Bi. Ormerod," mwenyekiti akauliza, "ulilitoa tangazo?"

"Sikulitoa. Lakini sina shahidi."

"Angesema nini kingine?" mtu mmoja akanong'ona, na mnong'ono ule ukafika mbele. Bi. Glenda aliinamisha kichwa.

"Kuna mwingine mwenye neno?"

Nell alijikuta amesimama.

"Una malalamiko, binti?"

"Silalamiki," akasema. Neno lilitoka lenyewe. Ukumbi mzima ukacheka, na angeweza kuketi hapo hapo, asijulikane milele.

"Hapana," akasema tena. "Nalalamika. Mimi ndiye niliyelitoa tangazo." Akafungua begi, akalionyesha, limekunjamana. "Nilidhani pakiwa na pombe nitafukuzwa, nami sina pengine pa kukaa. Sina mtu wa kuongea naye mji huu, ila Bi. Glenda peke yake. Na mimi ndiye niliyemfanya aitwe mwongo."

Hakuna aliyecheka tena. Bwana Sugden alivua kofia yake. "Glenda, nisamehe. Nilihukumu kabla ya kuuliza."

Baraza likaamua tangazo libandikwe upya na muda uhesabiwe tangu mwanzo. Mama yake Nell, aliyepigiwa simu na Bi. Glenda, aliwakuta wote wawili nje ya mlango wa ukumbi.

"Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Kila siku unarudi umechoka, mama."

Mama alimkumbatia mbele za watu, jambo ambalo watu wa Thornbeck hawalifanyi.

"Mimi nimekasirika, Nell, sikufichi," alisema Bi. Glenda. "Nimepitwa mlangoni na watu niliokua nao. Kesho ukitoka shule, njoo ubandike tangazo jipya kwa mkono wako, wakuone."

Nell alilibandika huku Connor na wenzake wakitazama. Kisha akaliandikia baraza kwa jina lake mwenyewe, akiomba watoto waruhusiwe kumsubiri mzazi pale. Baada ya Krismasi kibali kilitoka, kikiwa na sharti kwamba pombe isiuzwe kabla ya saa moja usiku. Meza ya pembeni ikabaki. Shuleni bado alishuka mlima peke yake siku nyingi. Mambo hayo hayatengenezwi na baraza.

Jioni ya kwanza ya kibali, Bi. Glenda alimletea mkate wake na kuketi.

"Lile tangazo lilikuwa na kazi moja tu, kipenzi. Lilikuwa linawauliza watu wa Thornbeck wanaonaje. Wewe nawe ni mtu wa Thornbeck, kwa hiyo lilikuwa linakuuliza wewe. Ukaliiba swali, badala ya kulijibu."

"Niliogopa, Bi. Glenda."

"Najua. Na uliposimama kusema kweli uliogopa zaidi, lakini ulisema, ndiyo maana tumekaa hapa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na upweke nao ni maradhi. Ukiwa na shida, mwambie mama yako, niambie mimi, mwambie hata Arnold na mbwa wake. Shida haina mdomo, mwanangu. Mdomo unao wewe."