Saini ya Jirani

Jumamosi ile duka la vifaa vya ujenzi la Östersund, mji wa baridi huko Sweden, lilijaa hadi mlangoni. Ylva, fundi wa mitambo ya kuvuta joto la ardhini, alisimama kwenye foleni, suruali yake ya kazi imekauka kwa vumbi la mwamba. Mbele yake kijana mwenye koti refu la sufu na viatu vya ngozi laini, kwenye theluji ile, alikumbatia hita tatu za umeme.

"Unapasha joto kanisa?" Ylva akamuuliza.

"Nyumba. Nimehamia juzi, mtaa wa ziwani."

"Kumbe ndiye wewe! Jirani asiyejua kuzoa theluji."

"Naitwa Sixten. Na wewe, dada mwenye maneno?"

Wakapendana kwa kudharauana.

"Mpenzi, umekula?" Sixten alimpigia kila mchana.

"Nimekula vumbi. Wewe umezoa theluji?"

Mwezi Machi Sixten alibisha hodi, akavua viatu mlangoni, shati limepigwa pasi, mkononi mikate ya iliki.

"Ylva, nina ombi. Moyo unanienda mbio."

Ylva akajipangusa mikono. Sixten akatoa fomu. Alitaka kuchimba shimo la joto mita nne tu kutoka mpaka wa viwanja vyao, na karibu hivyo lazima jirani akubali.

"Saini tu hapo chini, mpenzi. Halafu nikueleze..."

"Saini? Toka!" Kiatu kimoja cha ngozi kikamfuata hadi barabarani.

Mikate Ylva aliila yote. Dharau haishibishi.

Wiki mbili hakupokea simu. Siku aliyotaka kuitia fomu ile jikoni iungue na kuni, jicho likaangukia kina cha shimo: mita mia tatu na arobaini. Akacheka kwa kebehi, akampigia.

"We Sixten, nani kakudanganya? Kibanda chako hicho nusu yake inatosha. Hili ni shimo la nyumba mbili!"

"Ni mbili," Sixten akasema. "Yangu na yako. Ndiyo maana nimeliweka mpakani."

"Mjinga wewe! Mwanaume mzima anaposa kwa fomu?"

"Nilidhani fundi atasoma namba kwanza."

Ylva akaona haya. Namba za mji mzima alizisoma. Siku ile alikuwa akitafuta pete tu.

"Njoo uichukue," akasema. "Nimesaini. Zile mita nne nimezikata, nimeandika sifuri."

"Sifuri ni kwenye ua wa mpakani kabisa, Ylva. Ua wenyewe utang'olewa."

"Basi ung'olewe."