Harufu Kwenye Gari la Fundi

Kituo cha mafuta kilijaa saa saba mchana, magari yamebanana hata mlango haufunguki vizuri, na katikati yake mpika keki analia bila machozi. Kiti cha nyuma alipakia keki ya harusi ya ghorofa tatu, na ghorofa ya juu ilishaanza kuinama kama mzee anayesinzia. Kiyoyozi kilimpulizia joto usoni. Gauni lake la njano lilimganda mgongoni.

"Dada, ukiwa unatembea kinapoza?" aliuliza kijana wa ovaroli la bluu, kitana kimechungulia mfukoni mwa kifua.

"Kinapoza. Nikisimama tu, joto."

"Basi gesi ipo. Feni ndiyo imelala. Fungua boneti."

Huyo ndiye fundi viyoyozi ambaye watu walimwita Baridi. Alisikiliza, akagusa waya, akachomoa kijidude cheusi cha kuwashia honi, akakipachika mahali pa kile cha feni. Feni ikavuma.

"Leo usipige honi," alisema. "Honi yako nimeipa kazi nyingine."

"Na mtu akinizibia njia?"

"Nipigie mimi, nije nipige kelele."

Alimpigia jioni hiyo hiyo, wala hakuna aliyekuwa amemzibia njia.

Basi mapenzi yakanoga. Kila alasiri mpika keki alipita karakana na kipande kimefungwa kwenye karatasi, na kabla hakijafunguliwa Baridi alishasema, "Kinanukia mpaka moyoni, malkia wangu." Naye alicheka, maana mpishi akisifiwa husahau miguu inayomuuma. Miezi minane ikaenda hivyo. Wakapanga Jumapili fulani Baridi aende kwa mama yake binti kujitambulisha, aseme anaoa.

Mvua ndizo zilizoleta balaa. Wiki moja na ushee kabla ya Jumapili yenyewe, Baridi alimfuata kazini kwa gari lake, amewasha hita, huku akifutafuta kioo kwa kitambaa. Mpika keki akaingia na viatu vyake vyeupe vya turubai, akafunga mlango. Vioo vyote vilikuwa na ukungu kwa ndani. Na kulikuwa na harufu tamu, nzito, isiyo vanila wala marashi yake.

"Ulikuwa na nani humu?"

"Peke yangu, mpenzi."

"Vioo vimejaa pumzi za watu. Na harufu hii?"

"Harufu gani?"

"Baridi. Hata mwenye mafua angeisikia."

"Mimi sisikii kitu," akasema, na macho yakakimbilia kwenye usukani.

Macho yanayokimbia yana la kuficha. Na kweli yalikuwa nalo, ila silo lile alilodhani.

"Simamisha gari nishuke."

"Mvua hiyo, mama."

"Heri mvua, haidanganyi."

Akashuka. Baridi alimpigia simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ikapokewa.

"Yupo mwanamke?"

"Hayupo. Haki ya Mungu."

"Basi harufu ilitoka wapi?"

Hapo angesema. Neno lilikuwa ulimini, likagoma kutoka. "Labda keki zako," akajibu, na ilikuwa heri angenyamaza.

"Napika sukari mwaka wa tisa huu. Harufu zangu nazijua." Simu ikakatwa.

Nyumbani mama alikuwa anachambua mchele. "Mgeni wetu wa Jumapili yuko palepale?"

"Sijui, mama."

"Humjui mgeni, au huujui moyo wako?"

Binti akauvuta ungo, akaanza kuchambua yeye.

Alhamisi alivitoa vile viatu avifue. Nyayo zilinata, zina madoa ya kijani. Akavinusa. Harufu ni ile ile. Akakaa kitako kwenye kigoda, maji yakapoa kwenye beseni. Mwanamke gani huyo anayemwaga marashi sakafuni? Ndipo akakumbuka siku alipounguza keki, moshi umejaa jiko zima, Baridi akaingia anatabasamu: "Leo kinanukia nini kizuri?" Aliona ni utani tu.

Kwenye friji kulikuwa na krimu ya siku tatu. Akaitia kwenye bakuli, akaenda karakana.

"Nusa," alisema. "Krimu mpya ya harusi."

Uso wa Baridi ulifunguka kama wa aliyesamehewa. Nzi wawili walishamtangulia kufika. Akainama, akavuta pumzi ndefu. "Vanila. Inanukia mpaka moyoni, malkia."

"Imechacha, Baridi."

Alikaa juu ya tairi, kichwa chini. "Tangu mafua ya mwaka juzi," akasema. "Hata petroli siisikii. Mteja akisema kiyoyozi kinanuka, namuuliza kinanukaje, najifanya nampima akili. Wakijua, nani ataniletea gari?"

"Na keki zangu?"

"Nilikuwa nasifu ulivyokuwa unacheka."

Neno tamu, lakini lilimchoma. Miezi minane ya sifa, hakuna hata moja iliyokuwa ya keki. Safari hii alilia na machozi yakatoka. Baridi aliogopa hata kumgusa.

Mpika keki akajifuta kwa mkono. "Washa gari. Weka hita."

Akasogeza pua kwenye tundu la upepo. "Inatokea hapa." Akabonyeza kapeti upande wa abiria. "Limelowa. Linanata."

"Kijani?"

"Kijani."

Baridi akashika kichwa. "Rejeta ndogo ya hita imetoboka, ile ya nyuma ya dashibodi. Maji ya kupozea injini, yale ya kijani yenye harufu tamu, yanavuja ndani, mvuke wake ndio ukungu. Na mimi kila asubuhi najaza maji, najiambia gari limezeeka."

Magari ya watu alikuwa anayaponya ugonjwa huo huo. Ndivyo ilivyo, mganga hajigangi.

"Wateja utawaambia?"

"Nitawaambia." Akazima gari. "Jumapili bado ipo?"

Mpika keki alikuwa anafuta vidole kimoja kimoja, hana haraka.

"Ipo. Mama atakupakulia, atakuuliza chakula kinanukiaje."

"Nimjibu nini?"

"Mwambie hujui. Ukisifu tu, nainuka."