Jiwe Jeusi Halirudishi Mwanga

Habari hii ni ya kweli kuanzia neno la kwanza mpaka la mwisho. Mimi Barthélemy, retraité, muzee aliyestaafu, niliyeendesha lori miaka thelathini na mbili bila kuua hata kuku, naapa mbele yenu wote. Mukinikamata na uongo hata mumoja, nitalipa. Sasa mukae vizuri.

Murara, hapa Goma. Jumatatu, saa nane ya muchana.

Chumba kilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga mihogo. Damascène alikichagua kwa sababu ya kelele. Mashine ikizunguka, hata mutu aliye mulangoni hasikii kitu. Ndani walikuwa watatu. Damascène mwenyewe, mukubwa wao, mulinzi aliyefukuzwa kazi. Jolie, mwanamuke wa maneno machache na mikono myepesi. Na Janvier, fundi wa kujenga, jicho moja.

Jicho la kushoto lilikwenda na kazi. Kila fundi wa Goma anajua: jiwe la volkano ukilipiga nyundo linatema vipande kama wembe. Kimoja kilimuingia. La kulia lilibaki, nalo lilikuwa limeanza kuota utando. Daktari wa Kigali alisema linaweza kutengenezwa, lakini si kwa maombi. Ndiyo sababu Janvier alikuwa katika kile chumba. Sababu ingine hakuna.

“Mama Emerance,” Damascène alisema. “Kontwari, lile duka la kununulia dhahabu, Birere. Inaangaliana na etaji, ile nyumba ya gorofa ambayo Janvier anajenga. Nimelinda pale miaka mitatu. Kesho, kabla ya saa sita ya muchana, anafunga pakiti ya juma zima.”

“Tuko na bunduki ngapi?” Jolie akauliza.

“Hakuna.”

“Unatucheka.”

“Katika muji huu, mwenye bunduki moja anakutana na wenye bunduki kumi. Sisi tunaingia na taa.”

Akaweka vitu viwili juu ya meza. Cha kwanza kilikuwa kadogo kama kalamu, lazeri nyekundu, ile ambayo mwalimu anaonyeshea ubao na mchungaji anaonyeshea mistari ukutani. Akabonyeza. Nukta nyekundu ikatua kwenye kifua cha Jolie.

“Ungekuwa Mama Emerance, ungewaza nini?”

Jolie aliinamisha kichwa akaiangalia. Hakusogea. “Kwamba kuna mutu mahali, na kidole chake kiko kwenye bunduki.”

“Basi.”

Cha pili kilikuwa kizito, ukubwa wa tochi ya mulinzi. Damascène alikibonyeza. Hewani mulikuwa na vumbi la unga, na mustari wa kijani ukasimama katikati ya chumba kama kamba iliyovutwa. Kwenye mufuko mweusi uliotundikwa ukutani moshi ukatoka. Kisha tundu.

“Hii ni ya kamera. Kamera ikiangalia hii, imekufa. Na Munyakazi, mulinzi wa mulangoni, akiinuka tu kwenye kiti chake, unamupa usoni.”

“Atapofuka,” Janvier alisema.

“Atafumba macho. Ni vile vile.”

“Si vile vile.” Janvier akaichukua, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye kale kabandiko ka manjano kenye pembe tatu. “Kwenye shantie, tukijenga hoteli, tulikuwa na lazeri ya kupimia kuta. Kadogo, nyekundu, haichomi kitu. Hata ile, chef wa kazi alitukataza kuiangalia. Hii inatoboa mufuko, Damascène.”

“Uko na woga, fundi.”

“Niko na jicho moja. Bila miwani ya kuzuia mwanga wake siwashi.”

“Na musiwashe kuelekea mbinguni,” Jolie akaongeza. “Vijana wa huku walichezea ndege na vitu kama hivi. Walitafutwa nyumba kwa nyumba.”

Damascène akazima. “Miwani itapatikana.”

Musikilize vizuri hapa, mumujue Damascène. Jioni ile alitafuta miwani mbili. Moja ilikuwa ya kweli, ya fabriki, vioo vyekundu vinavyozuia kijani kupita. Ile akaitia mufukoni mwake, kwa sababu yeye angesimama chini na pikipiki na hakutaka cheche ya bahati mbaya. Ya pili ilikuwa plastiki tupu iliyopakwa rangi. Ile ndiyo akamupa Janvier, akamupiga bega. “Umeona? Mukubwa hasahau watu wake.” Na yale meno yake yote nje.

Kibati, kaskazini ya muji. Jumanne, saa moja ya asubuhi.

Walijifunza ndani ya nyumba isiyo na paa, upande wa kushoto wa barabara, kuta nne za mawe meusi. Jolie alichora kamera kwa chaki. Akachora na uso wa mutu. Janvier akasimama mbali akapiga, mara kumi, mara ishirini, mpaka mukono ukazoea uzito. Nukta ya kijani ilikuwa inatua pale anapotaka na kukaa pale. Haikwenda mahali pengine. Jiwe la volkano linakula mwanga kama vile linakula viatu.

Wakaridhika. Watu watatu waliozaliwa kwenye mawe meusi, waliojengewa kwa mawe meusi. Hakuna aliyewaza habari ya kitu kinachong'aa.

Birere. Saa sita kasoro robo.

Jua kali. Wauza viazi, wabadilisha feza, pikipiki zinapita katikati ya watu kama maji. Juu ya etaji isiyo na ukuta Janvier alikuwa peke yake, wenzake wamekwenda kula. Alifunga ile lazeri nzito kwenye nondo kwa waya, ikaelekea kamera juu ya mulango wa kontwari. Ile kadogo ilikuwa mukononi. Miwani usoni.

Chini, mulango ulikuwa wazi kama kila siku ya joto, umesukumwa ndani mpaka ukutani. Munyakazi alikaa kando yake kwenye kiti cha plastiki, bunduki katikati ya magoti. Damascène alisimama mbele ya duka la soda, kofia machoni, mota ya pikipiki inanguruma.

Saa sita kasoro tano.

Janvier alibonyeza. Kamera ikawaka kijani. Jolie akaingia.

“Mama, niko na kadogo ka kuuza.”

Mama Emerance alikuwa mwanamuke munene, wa miaka sitini, anayepima watu kabla ya kupima dhahabu. “Imetoka wapi?”

“Walikale.”

“Walikale ni kubwa.”

“Na tumbo langu ni kadogo, mama. Pima tu.”

Alipima. Pakiti ilikuwa pale karibu na mizani, imefungwa kwa utepe wa kahawia.

“Mama Emerance, angalia kifua chako,” Jolie alisema kwa sauti ya kuomba chumvi. “Usiinuke.”

Nukta nyekundu ilikuwa imekaa juu ya titi la kushoto.

“Ni nini hii?”

“Ni mutu kwenye etaji. Akiona mukono wako umekwenda chini ya meza, anafyatua. Nipe pakiti.”

Mama Emerance aliisukuma polepole. “Unaitwa nani, mwanangu?”

“Pakiti inatosha.”

“Nauliza tu. Nitapenda kukujua.”

Saa sita kamili.

Jolie alitoka na kikapu begani, mwendo wa mutu aliyenunua mboga ya sombe. Hatua mbili nje ya mulango. Nyuma yake, Mama Emerance akasahau nukta, akasahau risasi, akainuka, akaupiga mulango teke la nguvu kama la ng'ombe.

Ukafungika.

Na ule mulango ulikuwa wa kioo, kile ambacho wa ndani anaona nje, na wa nje anajiona yeye mwenyewe. Kila muchana ulikuwa wazi, umeegemea ukutani. Damascène alilinda pale miaka mitatu, akajichana nywele mbele yake kila asubuhi, na hakuutaja.

Munyakazi akaruka kwenye kiti, akasimama mbele ya kile kioo. Juu, Janvier alikuwa tayari amevuta lazeri kwenye waya na kuishusha kuelekea uso wake. Lakini Munyakazi alipigana vita viwili kabla ya kulinda mama wa dhahabu. Aliona kijani, akainama.

Mwanga ukakuta kioo. Kioo hakikula. Kilirudisha.

Janvier hakusikia maumivu. Hilo ndilo baya lake. Alivaa miwani, na miwani haikuzuia kitu. Kijani kilijaza kichwa chote, kikaondoka, na mahali pake kukabaki doa. Akainua mukono mbele ya uso. Pembeni aliona kidole gumba na kidole cha mwisho. Katikati hapakuwa na mukono.

“Damascène,” aliita. “Sioni. Nishushe.”

Chini, Jolie alikuwa anapanda pikipiki. “Fundi anaita.”

“Nimesikia.”

“Atashukaje?”

“Kwa ngazi.” Damascène akavuta mafuta, pikipiki ikaondoka.

Saa sita na dakika tatu.

Munyakazi alipanda etaji na bunduki mbele. Alimukuta Janvier amekaa juu ya mufuko wa simenti, taa zote mbili zimelala miguuni.

“Ni wewe uliniwashia usoni?”

“Ni mimi.”

“Na bado uko hapa?”

“Sijui ngazi iko upande gani.”

Munyakazi akatupa bunduki mugongoni, akatangulia kushuka, akamushika miguu na kuiweka yeye mwenyewe kwenye kila kipandio, mumoja mumoja, mpaka chini. Walipofika chini akamupiga kofi moja, la nguvu, na kumufunga mikono.

Murara. Saa sita na robo.

Damascène alisimamisha pikipiki mbele ya kanisa. “Shuka.”

“Tulisema tutagawana kule Kibati.”

“Nitagawana na nani? Wewe ulibeba kikapu tu. Shuka, nisikuaibishe mbele ya watu.”

Alimunyang'anya kikapu. Jolie akashuka. Hakupiga kelele, kelele inaita watu. Aliangalia vumbi linaelekea kaskazini, akatoa telefone, akapiga ile namba iliyoandikwa kwa rangi juu ya mulango wa kontwari.

“Mama Emerance, unataka pakiti yako ama unanitaka mimi?”

“Pakiti.”

“Kibati. Nyumba isiyo na paa, mukono wa kushoto. Ameenda peke yake.”

Akatoa kadi ya simu, akaivunja kwa meno, akaingia kwenye watu. Mpaka leo hakuna anayejua alikokwenda.

Kibati. Saa saba kasoro kumi.

Watu wa Mama Emerance walifika kabla ya polisi. Damascène alikuwa amepiga magoti karibu na ule uso wa chaki, anachimba shimo la kuficha pakiti. Hakupewa nafasi ya kuinuka. Polisi walipofika walimuchukua akiwa hai, lakini yale meno aliyokuwa anaonyesha watu yalibaki kwenye mawe.

Hapa ndipo nilikuwa namaliza, kila mara. Nimeisimulia Birere, kwenye meza yangu ya kuuzia vitu vidogo, kwa motari wa pikipiki, kwa mama wauza maharagi, labda mara mia. Watu wanapiga ulimi, wanamulaani Damascène na miwani zake mbili, wananinunulia chai. Nilipenda sana ile chai.

Juma lililopita nilikuwa nimefika kwenye meno. Mutu akasema nyuma ya watu:

“Miwani ilikuwa moja.”

Watu wakageuka. Alikuwa mwanaume mwenye mukono juu ya bega la mwanamuke. Mwanamuke alikuwa Bénita, muke wake. Mwanaume alikuwa Janvier. Gereza lilimuachilia baada ya miezi kumi na moja.

“Endelea, muzee,” alisema.

“Nimemaliza.”

“Bado. Miwani ilikuwa moja, ndani ya mufuko uliofungwa kwa pini mbili. Niliufungua mimi mwenyewe Kibati. Damascène ni mwizi. Alinikimbia, nilisikia pikipiki inaondoka. Lakini miwani hakuibadilisha. Alinipa kama ilivyouzwa.”

“Unamutetea?”

“Siku ile ya kununua nilikuwa nyuma yake. Niliuliza kama ni ya kweli, kwa sababu niko na jicho moja. Muuzaji akaniambia, mutoto wangu, kwa hii unaweza kuangalia jua. Sikuona uso wake vizuri, utando ulikuwa umekwisha kuanza. Sauti nilisikia. Niliisikia miezi kumi na moja. Ni hii yako, muzee.”

Juu ya meza yangu, katikati ya betri na vitana, kulikuwa bado na miwani sita nyekundu, kila moja ndani ya mufuko na pini mbili. Bénita akachukua moja. Akaifungua, akaiinua kwenye jua, akaikwaruza kwa ukucha. Rangi ikatoka. Akapitisha ule ukucha mwekundu mbele ya pua za watu wote, polepole, kama mama anayegawa majivu kanisani.

“Papa Barthélemy,” motari mumoja akasema, “na wewe ulikunywa chai yetu.”

Nikamuuliza Janvier anadai nini.

“Nikidai feza, utanidanganya tena. Niko na kazi ya ukuta, Murara. Mikono iko. Macho ndiyo sina.”

Basi tangu siku ile, saa moja ya asubuhi niko kwenye shantie, na huu mugongo wa miaka sitini na nane. Nabeba mawe ya volkano. Yeye anayapanga kwa kupapasa, vidole vinakwenda kama panya. Mimi naweka nivo, kile kipimo cha fundi, juu ya jiwe na kumuambia kitone cha hewa kimekaa wapi.

Jana tulikuwa mustari wa tatu. Jua kichwani, nimechoka kubeba. Kitone kilikuwa kando kadogo tu, unene wa kijiti cha kiberiti. Mawe kumi na manne tayari juu.

“Iko katikati?” akauliza.

“Iko katikati.”

Janvier akaweka kiganja juu ya ukuta. Akakipeleka polepole mpaka mwisho, akakirudisha.

“Bomoa, muzee.”

Nikabomoa.